Kudaka Tu

Binti yangu amerudi na glovu ya besiboli aliyoazimwa shuleni. Nyumba nzima inanuka ngozi, kama viatu vipya vya Idi. Begi huko, yeye huku, amenuna. Kocha amempanga beisi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji.

"Baba, wenzangu wanarusha, wanaruka. Mimi nasimama tu, mguu juu ya beisi, nadaka mipira ya watu. Kudaka tu!"

Nilitaka kumjibu, lakini moyo ulikuwa umeshanirudisha Comerica Park, uwanja wa besiboli wa Detroit, Jumapili ile ya tarehe 1 Oktoba 2023.

Tiketi alinunua rafiki yangu wa kiwandani, Mvenezuela. Mchezaji Miguel Cabrera ni mtoto wa Maracay, huko huko Venezuela, na miaka yote tuliyosimama mstari mmoja wa kazi sikusikia jina jingine. Alianza na timu ya Florida mwaka 2003, na mechi yake ya kwanza akaimaliza yeye mwenyewe, kwa pigo lililoutoa mpira nje ya uwanja. Mwaka 2012 akaongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa mipigo ya nje 44 na kwa pointi 139 zilizoingia kwa upigaji wake. Wa mwisho kukusanya yote matatu kabla yake ni mtu wa mwaka 1967. Nilizijua hesabu hizo kama namba ya simu ya nyumbani.

Siku ile ilikuwa ya kuaga. Misimu miwili Cabrera alikuwa anapiga tu, halindi beisi. Kipindi cha nane akatoka na glovu mkononi, akaenda kusimama beisi ya kwanza. Uwanja mzima tukainuka. Nilimwona anaukwaruza udongo kwa kiatu, polepole, kama mtu anayetandika mkeka wake mwenyewe.

Steven Kwan wa Cleveland akapiga. Mpira ukaja chini chini, ukamfuata Cabrera pale pale. Akaudaka. Hakumrushia mtu. Akapiga hatua zake, akaikanyaga beisi kabla Kwan hajaifikia, Kwan akawa ametoka. Basi. Mtu wa mipigo 3,174, na kazi yake ya mwisho ni hiyo. Akatolewa hapo hapo, akikumbatiana na wenzake, na rafiki yangu alikuwa amejifunika uso kwa kofia.

Mimi nilikuwa namwona baba yangu. Miaka 27 alihesabu makasha Kilindini, bandarini Mombasa. Wengine wanabeba, wengine wako kwenye kreni, yeye amesimama juani na karatasi, ahakikishe kilichotumwa kimefika. Ijumaa moja alitoka na ufunguo wa kabati mfukoni. Jumatatu akazuiwa getini, jina lake halimo. Ufunguo ule bado umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wake, na hakuna anayethubutu kuutoa.

Mechi ilipokwisha, Mombasa ilikuwa usiku wa manane. Nikangoja kesho yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamsimulia yote, mpaka ule udongo. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Alijua kwamba huo ndio wa mwisho?"

"Alijua, baba. Sote tulijua."

Akanyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama watoto hawajambo.

Binti yangu bado amekaa na glovu mapajani, anangoja jibu. Nimemwambia aje tumpigie babu yake.