Tela la boksi lilivyokuwa linamaliza mafuta na nilivyolipunguzia

Kazi yangu ni kuzunguka na vyombo vya muziki, spika, mixa, taa, nyaya, jenereta ndogo, vitu ambavyo havitaki mvua wala vumbi, kwa hiyo tela la wazi kwangu hapana, lazima liwe la boksi lenye paa na milango ya kufunga. Navuta na pikapu ya dizeli. Pikapu yenyewe bila tela inakula kama lita 9 kwa kilomita 100, nikifunga tela nililokuwa nalo, lile refu kwa kimo lenye uso wa mbele bapa, inaenda lita 15 na zaidi. Kila niliyemuuliza aliniambia ni uzito. Mi nikawa siridhiki na hilo jibu maana spika ni kubwa kwa umbo lakini kwa uzito sio kivile, na zipo safari narudi tela likiwa tupu kabisa na gari inakunywa karibu vilevile.

Ndo nikaanza kupima. Najaza tenki mpaka juu, pampu ileile, natembea njia ileile kwenda na kurudi ili upepo wa siku hiyo ujifute kwa sehemu kubwa, spidi nimeifunga, nikirudi najaza tena na kugawanya. Nikafanya hivyo tela tupu na tela likiwa na mzigo. Kwenye barabara ya tambarare tofauti ya tupu na mzigo ilikuwa ndogo sana, ila tofauti ya spidi ya 80 na ya 100 kwa saa ilikuwa kubwa mno, na ukiifikiria ni lazima iwe hivyo, uzito unaumiza wakati wa kuondoka na wakati wa kupanda mlima, ukishatulia kwenye tambarare kinachobaki ni matairi kubingirika na upepo, na nguvu ya upepo inakua kwa mraba wa spidi, yaani kutoka 80 kwenda 100 inaongezeka kwa asilimia 56. Na kama upepo unakuja mbele yako kwa kilomita 20 kwa saa, wewe ukiwa 90 tela lako linapigwa kama vile uko 110.

Kilichonifungua macho kabisa ni wadudu. Nilikuwa naosha tela baada ya safari ndefu ya usiku nikaona wadudu waliogonga wamejipanga kama ukanda mmoja juu kabisa ya uso wa tela, kuanzia pale paa la pikapu linapoishia kwenda juu, wakati chini yake, sehemu inayojificha nyuma ya kabini, palikuwa pasafi isipokuwa vumbi kidogo. Nikachukua futi nikapima ule ukanda, ulikuwa zaidi ya nusu mita kwa kimo na upana wote wa tela. Sasa hiyo ndo sehemu inayopigwa na hewa ambayo gari haijaipasua. Nikazunguka nyuma, milango ya nyuma ilikuwa imepakwa vumbi zito kila mahali, kwa sababu boksi likishapita linaacha nafasi yenye presha ndogo nyuma yake, hewa inajikunja kuingia pale na kubeba vumbi lote la barabarani, na ile presha ndogo ndo inalivuta tela kurudi nyuma muda wote ukiwa mwendoni.

Watu wengi dawa wanayoitaja ni tela la pua ya V, yaani lenye uso wa mbele uliochongoka. Rafiki yangu analo, kimo kilekile na langu, akaniazima, nikalipima kwa mtindo uleule. Linasaidia, siwezi kubisha, lakini kwangu ilipungua lita moja hivi, si zaidi. Nilivyoliangalia vizuri nikaelewa: pua ya V inachonga hewa kushoto na kulia, ila sehemu ya chini ya hiyo pua ilikuwa tayari imekingwa na pikapu, na ukingo wa juu, pale uso unapokutana na paa, bado ulikuwa umekatwa kona kali ya digrii 90. Hewa ikifika kwenye kona kali inaachana na bodi na kuanza kuvurugika, ikikuta kona ya mviringo inaifuata bodi na kupita. Hii si nadharia yangu, NASA waliwahi kuifanyia majaribio kwenye miaka ya 1970 kule California, walichukua gari la van wakalivalisha aluminiamu likawa boksi la kona kali, wakapima, halafu wakazungusha zile kona za mbele, upinzani wa hewa ukashuka kama nusu. Kona tu jamani, na boksi ni lilelile.

Basi nilipoenda kwa fundi kuchomelea tela jipya nilikuwa najua ninachotaka. Kwanza nilipima vyombo vyangu vyote, nikakuta kitu kirefu kuliko vyote ni spika za besi, na zile zikilala hazina tatizo mradi zimefungwa vizuri, kwa hiyo ule urefu wote wa kusimama mtu ndani nilikuwa naubeba bure. Nikamwambia paa la tela lisipite paa la pikapu zaidi ya kiganja kimoja. Sakafu tukaishusha kwa kuweka boksi katikati ya matairi badala ya juu yake, upana ukapungua kidogo lakini nikarudisha nafasi kwa kuongeza urefu wa kwenda nyuma, maana urefu wa kwenda nyuma hauna gharama kubwa kwa upepo, ubavu unateleza tu, kinachogharimu ni kile kinachochungulia nje ya kivuli cha gari. Fundi alitaka kuniwekea kona za chuma cha pembe kwa sababu ndo rahisi kuchomelea, nikamwomba apinde bati kwenye kingo za mbele, juu na pembeni, kwa mviringo mpana. Alilalamika kwamba ni kazi ndefu na kweli ilikuwa ndefu, lakini nilikaa naye mpaka ikatoka vizuri. Tairi ya akiba ikatoka mbele ikaingia chini ya sakafu.

Tela hili nikitembea 90 na mzigo wote napata lita 12 na kidogo. Mkia sijaugusa, bado ni milango bapa miwili, natamani siku moja niupunguze upana kuelekea nyuma ila mlango utakuwa mdogo na spika zitasumbua kuingia, kwa hiyo naacha.

Faida nyingine ambayo naipenda kuliko hata mafuta ni utulivu. Lile refu nilikuwa nikipishana na lori kubwa linasukumwa kwanza halafu linavutwa, usukani unaubana kwa mikono miwili, na upepo wa ubavuni ulikuwa unalichezesha mkia vibaya. Hili la kimo kifupi linakaa, ila hapo umbo peke yake halitoshi, lazima upange mzigo, jenereta na spika za besi zikae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, wengi tunalenga kama asilimia 10 ya uzito wa tela ikae kwenye kiungio, pale tela linaposhikana na gari, usipite kikomo kilichoandikwa kwa gari lako. Ukijaza vizito nyuma tela litatikisa mkia hata liwe na pua ya aina gani. Na likae sambamba na barabara, likiinua pua unajiongezea upepo na uzito umekaa vibaya.

Kwenye milima siing'ang'anii gia ya mwisho, naishusha mapema injini ipumue. Spidi yangu imebaki 85 mpaka 90.