Ndege ikipitiliza pisti, usianze na breki

Ndege ndogo ikipitiliza pisti, yaani njia ya kurukia na kutua, na kuishia mtaroni, hapa Bukavu utasikia maelezo yaleyale: breki zilikataa. Hutokea kweli, ila mara nyingi hesabu ilishaharibika ndege ikiwa bado hewani.

Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu, uko mita 1,700 na ushei juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 25, hewa inakuwa nyepesi kama ya mita 2,500. Saa ya mwendo ikimwonyesha rubani kilomita 140 kwa saa, ndege inaipita ardhi kwa karibu 160, na nguvu ambayo breki zitapaswa kuimaliza imepanda kwa zaidi ya robo. Aliyezoea Kinshasa, ambako ni chini zaidi, anaona ardhi inakimbia mno, anapunguza mwendo kwa macho badala ya kuamini saa, na bawa linaacha kubeba karibu kabisa na chini.

Sasa chukua ndege ambayo kitabu chake kinasema mita 500, kuanzia futi 50 juu ya mwanzo wa pisti hadi kusimama, kwenye lami kavu ya pwani. Ongeza asilimia 5 kwa kila futi 1,000 za mwinuko: kwa futi 5,000 ni kama mita 640. Nyasi zimelowa? Zidisha kwa 1.35, unapata 860. Upepo wa mgongoni ukifikia sehemu ya kumi ya mwendo wa kutua, zidisha kwa 1.2: zaidi ya 1,030. Joto sijaligusa, wala akiba. Mamlaka ya anga ya Uingereza inashauri kuzidisha tena kwa 1.43, na hapo tunakaribia 1,480. Zile mita 500 zimekwenda wapi?

Ndiyo maana pisti haiwi fupi kwa mita zake peke yake. Ya Kavumu ni ya lami, kama mita 2,000, lakini tarehe 12 Februari 2012 jeti iliyombeba Augustin Katumba Mwanke, mshauri wa karibu wa Rais Joseph Kabila, iliipitiliza, naye akafariki.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote ni kuingia juu mno. Kwa mteremko wa kawaida, kila futi 10 za ziada zinakula karibu mita 60 za pisti. Mwendo ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kusimama unaongezeka kwa asilimia 20 hivi, na kabla ya hapo ndege imeshaelea ikikataa kugusa chini.

Ikishagusa, breki hazishiki vizuri mpaka uzito uhame kutoka mabawani kwenda magurudumuni. Ili kuuharakisha, baadhi ya marubani hukimbilia kukunja mabapa ya mabawa. Kwenye ndege ya magurudumu ya kukunjwa sishauri: wapo waliokosea wakavuta mkono wa magurudumu, ndege ikalalia tumbo. Kwenye tope, gurudumu lililofungwa na breki linateleza tu. Kanyaga, achia, kanyaga. Ndege kama Let 410 na Caravan zinaweza kugeuza mapanga ya rafadha zake yasukume kwa nyuma, na msaada huo ni mkubwa zaidi mwendo ukiwa bado mkali.

Kwenye viwanja vya udongo vya milimani, ambako unatua ukipanda mlima, chagua mapema mti au paa la mwisho la kughairi. Ukilifikia na mwendo au kimo havijakaa sawa, sukuma gesi upae. Ukishalipita, mlima uko mbele na ndege haiwezi kuuruka.