Pampasi, maji ya betri na ramani ya ubongo: nilivyoifundisha mbinu ya kutanua sampuli

Ninafundisha baiolojia katika shule moja ya sekondari jijini Dodoma, na maabara yetu ina hadubini nne za mwanga ambazo tunazitunza kama mboni ya jicho. Mwezi Oktoba mwanafunzi wa kidato cha tano aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo: "Mwalimu, kama akili mnemba imejengwa kwa kuiga mtandao wa neva za ubongo, ni nani aliyewahi kuuona mtandao wenyewe?" Nilimwomba wiki mbili, nikaenda kusoma.

Niligundua kwamba kazi hiyo ni ya miaka mingi na bado iko mwanzoni. Mwaka 1986 watafiti wa Cambridge walichapisha ramani ya neva zote 302 za mnyoo mdogo sana, waliyoipata kwa kumkata vipande vyembamba, kuvipiga picha kwa hadubini ya elektroni na kufuatilia kila uzi kwa macho na mikono. Oktoba 2024 ikatoka ramani ya ubongo mzima wa nzi wa matunda, wenye neva zaidi ya 139,000. Aprili 2025 zikafuata matokeo ya mradi wa MICrONS: kipande cha ubongo wa panya chenye ujazo wa milimita moja ya ujazo tu, sawa na chembe ya mchanga, kilikatwa vipande karibu 28,000, na ndani yake zikapatikana seli zaidi ya 200,000 na sinapsi, yaani maungio kati ya neva na neva, zipatazo milioni 523. Mradi huo ulioanza mwaka 2016 kwa fedha za wakala wa utafiti wa kijasusi wa Marekani ulikuwa na lengo la wazi la kuelewa jinsi ubongo unavyochakata kile ambacho jicho limekiona, ili mashine ziweze kujifunza vizuri zaidi. Ubongo wa binadamu hufanya kazi yake yote kwa takribani wati 20, kiasi cha taa ya sebuleni, na kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuuchunguza.

Ugumu ulikuwa namna ya kuwaonyesha wanafunzi kwa nini kazi hii ni nzito. Hadubini ya kawaida ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana kuliko nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), hata lenzi yake ikiwa nzuri namna gani, ilhali upenyo katika sinapsi ni kama nanomita 20. Hadubini ya elektroni huuona, lakini ni mashine ya gharama kubwa mno. Ndipo niliposoma kuhusu njia iliyochapishwa mwaka 2015 na maabara ya mtafiti Ed Boyden katika chuo cha MIT, Marekani, ambayo ilinifanya nisimame katikati ya chumba: badala ya kuboresha lenzi, walitanua sampuli yenyewe. Tishu ya ubongo hulowekwa katika kemikali zinazounda jeli ndani yake, molekuli muhimu hushikizwa kwenye jeli hiyo, kisha huongezwa maji na kila kitu huvimba kwa uwiano uleule, takribani mara nne na nusu kwa kila upande. Jeli yenyewe ni polima, yaani molekuli ndefu kama nyuzi, ya jamii ileile inayonyonya mkojo katika pampasi.

Pampasi nilikuwa nazo nyumbani. Nilipasua moja juu ya gazeti, nikatenga pamba na kukung'uta chembechembe nyeupe zinazofanana na sukari, kisha nikapima gramu 1 kwenye mizani ya maabara. Nilimimina maji ya bomba nikitarajia makubwa, lakini kabla sijafika mililita 150 maji yalianza kujitenga juu ya uji mzito uliotulia chini ya bika. Nilirudia kwa pampasi nyingine, matokeo yakawa yaleyale.

Jioni ile nilikuwa nachemsha chai nikaona ukoko mweupe ndani ya sufuria, ule ambao kila mkazi wa Dodoma anaufahamu, kwa kuwa maji yetu ya visima yana chumvi na madini mengi. Nyuzi za polima hii zina chaji hasi mwili mzima, hivyo katika maji safi husukumana na kutawanyika. Chumvi ikiwepo, chaji zake chanya huzizunguka nyuzi na kuzituliza, na kalsiamu huweza hata kufunga uzi mmoja na mwingine. Ndiyo maana katika maabara za wenzetu jeli hubaki ndogo ikiwa katika myeyusho wa chumvi, na huvimba inapohamishiwa katika maji yasiyo na madini, ambayo hubadilishwa mara kadhaa.

Kesho yake nilikwenda duka la vipuri, Majengo, kununua maji ya betri, ambayo huondolewa madini. Kwa kuwa baadhi ya chupa huwa na asidi, nilimuuliza kijana wa dukani, akanijibu, "Hii ni ya kuongezea tu, mama, haina asidi." Gramu 1 ilimeza mililita 300 bila tone kumwagika. Mbele ya darasa nilinyunyiza kijiko cha chumvi ya mezani juu ya jeli hiyo, ikanywea na kutoa maji huku wanafunzi wa nyuma wakisimama juu ya viti.

Kilichobaki kilikuwa kuonyesha faida ya kuvimba. Mwanzoni nilichora nukta mbili kwa kalamu juu ya puto, lakini puto lilipopulizwa nukta nazo zilikua, na huo ungekuwa uongo, kwa sababu alama zing'aazo zinazobandikwa kwenye molekuli ili zionekane kwa hadubini hazikui. Nikabadilisha, nikagandisha punje mbili za uwele zilizogusana, kila moja kwa tone lake la gundi, juu ya puto lililojazwa nusu. Aliyekaa mwisho aliona doa moja. Nilipopuliza zaidi, akasema, "Ni mbili, mwalimu." Nikawaambia kwamba Mei 2025 watafiti wa Austria wakishirikiana na Google walitanua tishu ya ubongo wa panya takribani mara 16 kwa kila upande, wakafuatilia neva na sinapsi zake kwa hadubini ya mwanga, huku programu za akili mnemba zikisaidia kuzifuata nyuzi katika picha. Yule aliyeuliza swali alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kwa hiyo mashine inasaidia kuchora kitu kitakachoiboresha yenyewe." Nilimjibu kwamba ndivyo ilivyo.

Mvua ya kwanza iliponyesha mwishoni mwa Novemba, alikuja maabara na chupa ya maji aliyoyakinga kwenye paa la kwao, Nkuhungu, akitaka kujua yana chumvi kiasi gani. Tulipima pamoja gramu 1 ya chembechembe. Ilimeza mililita 270.