Mbinu mpya inapoanzia darasa la jirani

Tangu vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vigawiwe kwa walimu, nimekuwa nikiangalia nani shuleni kwetu anakitumia, na kwa kazi gani. Hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, wengi tulianza kwa kuvifungia kabatini. Haukuwa uvivu. Kila mtu aliogopa kisije kikavunjikia mikononi mwake, umeme unakatika, na bando unanunua kwa hela yako. Tena tumeshazoea mafunzo ya kupokezana: mmoja anaitwa semina siku mbili, akirudi anatuhadithia kwa saa moja huku tunasahihisha madaftari. Mbinu ikifika kwako kwa njia hiyo inakuwa imeshapoa.

Aliyenifungua macho ni mama wa Darasa la Kwanza, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Amefundisha kusoma kwa ba-be-bi-bo-bu tangu ujana wake. Ulipokuja mtaala wa KKK (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu) wa 2015, uliotaka mtoto aanze na sauti za herufi kabla ya silabi, alisema wazi kwamba haoni sababu.

Mwaka huu nilipita dirishani kwake nikamkuta amechuchumaa kati ya watoto, kishikwambi mkononi. Hakikuwa na video wala intaneti. Alikuwa anarekodi. Mtoto anasoma sentensi ubaoni, "Juma anarudi nyumbani," kisha anasikilizishwa sauti yake mwenyewe. Huyu, ambaye nyumbani anaongea Kimakonde, alikuwa ametamka "analudi". Alipojisikia akaziba mdomo kwa mkono, akaomba arudie. Ya pili ikatoka sawa. Vidole vikapanda darasa zima: "Na mimi, madamu! Na mimi!"

Nikamuuliza nani kamfundisha.

"Mjukuu wangu, mwanangu. Alikuwa anajirekodi akiimba. Nikasema, kama kinashika wimbo, kitashindwaje kushika kusoma?"

Darasa lake lina watoto zaidi ya 80, kwa hiyo hawezi kumfikia kila mmoja kwa siku. Anarekodi wachache, wengine wakihesabu korosho na kuzipanga mafungu ya kumi kumi. Ila rekodi zile zilimwonyesha jambo ambalo kelele za darasa zilikuwa zinalificha. Wapo watoto walioitikia vizuri kabisa wakiwa pamoja, lakini kila mmoja akiwa peke yake hakuitambua hata herufi moja. Walikuwa wamekariri. Hapo ndipo alipofungua kitabu cha kiongozi cha mwalimu kwa mkono wake, akarudi kwenye zile sauti za herufi alizokuwa amezikataa. Hakuna mkaguzi aliyemlazimisha. Alikuwa na watoto ambao njia yake ya zamani haikuwafikia, na sasa alikuwa amewasikia kwa masikio yake.

Kwangu hili ndilo kubwa kuliko kifaa chenyewe. Mwalimu habadiliki kwa sababu ameambiwa mbinu fulani ni ya kisasa. Anabadilika anapoliona tatizo la mtoto wake, halafu akamwona mwenzake, mwenye msongamano uleule na chaki zilezile, amelipatia dawa. Kwa mwezi mmoja walimu wa Darasa la Pili na la Tatu walikuwa wameshavitoa vishikwambi vyao kabatini.

Ndiyo maana naamini MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, imeshika njia sahihi kwa kutaka walimu tujifunze shuleni kwetu, kwenye jumuiya zetu za ujifunzaji. Lakini muda wake uwekwe kwenye ratiba na uheshimiwe. Ukibaki kuwa wa jioni, baada ya vipindi, mwenye mtoto mchanga ataondoka, na anayekaa mbali ataondoka. Na viongozi wakija, wakae wajifunze pamoja nasi. Mwalimu anayejua anapimwa hatathubutu kusema, "Hapa nimekwama."

Jumatano jumuiya yetu inakutana tena. Nitaonyesha namna ya kuzihifadhi rekodi kwa jina la mtoto na tarehe, ili za sasa tuzilinganishe na za baada ya msimu wa korosho, wakati ambapo mahudhurio huyumba. Mwalimu wa Kiingereza wa Darasa la Tano anataka kujaribu kurekodi kwenye mazungumzo ya wawili wawili. Nimemwahidi kwamba nitakaa darasani kwake kipindi chote.