Vifungo Kumi na Viwili

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini, huu mwaka wa 14 sasa, na kwa muda mrefu neno langu kubwa lilikuwa "njoo kesho". Mtu analeta kitenge Jumatatu, namwambia Alhamisi. Alhamisi nasema Jumamosi. Jumamosi nasingizia umeme, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Sikuwa mvivu. Nilikuwa nafungua saa 2 asubuhi na kufunga saa 2 usiku, mgongo unawaka moto, na kazi za watu bado zimelundikana kwenye kikapu.

Kilichonivunja moyo ni mama mmoja mzee wa Tanangozi. Alileta mita nne za kitenge cha kijani nimshonee gauni la kipaimara cha mjukuu wake. Alipokuja Jumamosi jioni nilikuwa nimekata tu, mikono imebanwa kwa pini, kola haijaguswa. Hakugomba. Alikunja vipande kimoja kimoja, akavifunga kwenye kanga, akasema, "Mwanangu, ile hela niliyotanguliza kaa nayo. Siku yangu ndiyo utanirudishia wapi?" Usiku ule sikupata usingizi.

Baada ya hapo nilitafuta ushauri, na ushauri wa muda kila mtu anao. Rafiki yangu alinipeleka kwenye semina ya mhamasishaji mmoja. Kiingilio kilikuwa kama elfu kumi na tano, ukichanganya na daftari lao inakaribia ishirini. Tuliambiwa tuamke saa 10 alfajiri, tukae kimya nusu saa tukiondoa mawazo yote kichwani, kisha tuandike mambo 20 ya siku hiyo.

Nilifuata kwa moyo wote, hilo naomba lieleweke. Ilikuwa Julai. Mji wetu uko juu ya mita 1,500 na upepo wa bonde la Ruaha Mdogo haubishi hodi, unaingia. Nilikaa kwenye kigoda, blanketi mabegani, sakafu ya saruji inauma nyayo, macho nimefumba, naondoa mawazo. Inakuja ada ya mtoto, naiondoa. Linakuja gauni la kijani, naliondoa, linarudi na kola yake. Nusu saa inaisha nimechoka kama niliyetoka kulima. Ya yale mambo 20, siku ya kwanza nilifanya sita. Yaliyobaki niliyahamishia kesho, na kesho yake yakahamia keshokutwa, mpaka wiki ya pili nikifungua daftari ukurasa mzima ni viporo. Wiki ya tatu, saa 7 mchana, nilisinzia huku nakanyaga. Nilipozinduka nilikuwa nimepachika mkono wa kushoto kwenye bega la kulia la shati la sare ya shule. Nilifumua kwa wembe, tundu moja moja, na kitambaa cheupe hakifichi tundu la sindano. Nilimlipa mzazi kitambaa kipya. Nilipomweleza msaidizi wa yule mhamasishaji, alinijibu kwamba sijajitoa vya kutosha. Jibu hilo linanikera mpaka leo. Mtu ana watoto wawili na kikapu cha kazi za watu, unamwongezea usingizi wa kukosa, halafu unasema hajajitoa.

Dawa niliipata Gangilonga, na sikuwa nimeifuata. Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Mbeya akataka kupiga picha jioni juu ya jiwe. Wasiolijua, ni jabali kubwa juu ya mji, na jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. Wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe, alikuwa akipanda pale kukaa na kuwaza. Huyu ndiye aliyewashinda Wajerumani Lugalo mwaka 1891, na ngome yake ya Kalenga wakaja kuivunja 1894. Nilikuwa nimelisikia hilo tangu utotoni, lakini siku ile ndipo nilipojiuliza: alikuwa anawaza nini? Haiwezekani mtu mwenye vita mlangoni apande jiwe kwenda kuondoa mawazo. Alipanda kuyatazama.

Simu yangu ilikuwa imezima chaji. Mpwa anahangaika na picha zake, nami nimekaa, mabati ya mji yanang'aa chini yangu. Nikaanza kuipitia siku ya jana, kama ninavyomhadithia mtu. Nilifungua. Nilifagia. Nikakaa kwenye gauni la bibi harusi. Halafu? Nikakwama. Kuanzia saa 4 mpaka saa 8 mchana sikuona kitu. Saa nne za siku yangu, na sikujua zimekwenda wapi!

Nikalazimisha, nikarudi nyuma polepole, na vikaanza kuja. Kijana wa suruali ya kupunguza, "dakika mbili tu, dada fundi". Binti wa zipu. Safari ya sokoni kufuata uzi wa kijivu, nyingine kufuata vifungo, nyingine kurudisha uzi kwa sababu rangi haikukubali. Mwingine wa suruali. Mimi siku zote nilidhani mwizi wangu ni simu, maana ndivyo kila mtu anavyosema. Simu ilichukua kidogo. Walioimaliza siku ni watu wa dakika mbili, nami ndiye niliyekuwa nawafungulia mlango.

Tangu hapo kila jioni, kabla ya kuwasha jiko, nakaa robo saa kwenye benchi nje ya chumba, simu ndani, naipitia siku toka nilipofungua macho. Sifukuzi wazo lolote. Wifi yangu ni Mkatoliki, akaniambia hata Mtakatifu Inyasi wa Loyola, karne ya 16, aliwafundisha watu wake kuipitia siku mara mbili, adhuhuri na usiku. Mimi robo saa moja inanitosha. Ukisinzia, kaa mahali pasipo na mgongo wa kuegemea.

Vifungo ni ubunifu wangu mwenyewe, na ninajivunia. Mchana wetu una saa 12, basi asubuhi naweka vifungo 12 kwenye mfuko wa aproni: vyeusi vya koti ni kazi niliyoahidi watu, vyeupe vya shati ni vikazi vya kupita, vya rangi ni nyumba yangu na nafsi yangu. Idadi ya kila rangi naiamua jana yake pale kwenye benchi. Saa ikiisha, kifungo kimoja kinaingia kwenye kopo. Mtu wa dakika mbili akija, natia mkono mfukoni. Nikikuta cheupe hakuna, namwambia, "Kaka, marekebisho ni Jumanne na Ijumaa kuanzia saa 9." Wiki ya kwanza walinuna. Wachache walihamia kwa fundi mwingine, hawajarudi, na hela yao niliisikia ilivyopungua. Uzi na zipu sasa nanunua mara moja kwa wiki, nakata kipande cha kila kitambaa nabandika kwenye karatasi naenda nacho sokoni. Hilo ningelifanya miaka kumi iliyopita.

Kuna jambo benchi lilinionyesha ambalo semina isingenionyesha. Jirani yangu anauza vitumbua, na kila siku saa 5 huja na chai tukakaa. Nilikuwa tayari kukikata kile kikao. Lakini kila jioni nilipopitia siku, saa ile ndiyo niliyoikumbuka yote, neno kwa neno: mwanawe amepata kazi Mafinga, goti lake linamsumbua kwenye baridi. Nikaipa kifungo cha rangi, kikubwa, cha bluu, na hakuna mteja anayekigusa.

Mwezi wa nane mwaka huu nilipanda gari mpaka Tanangozi. Nilimkuta yule mama anaanika mahindi. Nilipiga goti nikamwamkia, nikamwomba vile vipande vya kijani. Alikuwa navyo, bado vina pini zangu, zimeshika kutu kidogo. Nilimpangia vifungo vinne vyeusi. Gauni lilikuwa tayari siku mbili kabla ya siku niliyoahidi.

Alipokuja kulichukua aliligeuza ndani nje, akakagua mishono, akafika kwenye pindo.

"Umeacha inchi ngapi huku chini?"

"Mbili, mama."

"Vizuri. Mjukuu ni mrefu kuliko mimi, atalishusha."