Hizo kapsuli za "kulinda ubongo" ziacheni kwa matatu

Ukipanda matatu ya Kisumu kwenda Kakamega, kabla gari ijae lazima kuna jamaa wa begi atasimama mlangoni, "samahani abiria wenzangu", alafu aanze, dawa ya vidonda vya tumbo, dawa ya mgongo, na siku hizi ameongeza kapsuli za antioksidenti ati zinazuia stroki (kiharusi).

Kinachoniudhi ni kwamba hadanganyi yote. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni, kwa hivyo mshipa ukiziba seli zinaanza kufa ndani ya dakika chache, na hata damu ikirudi, ile oksijeni inayoingia kwa ghafla inazalisha zile wanaita radikali huru zinazounguza kuta za seli zilizobaki. Kutafuta dawa ya kuzizima, ndiyo hiyo antioksidenti, ni wazo la maana kabisa.

Sasa ona ilivyoenda. Kampuni ya dawa ya AstraZeneca walikuwa na dawa ya aina hiyo inaitwa NXY-059, kwa panya ikafanya vizuri, jaribio la kwanza la watu lililotoka 2006 likaleta matumaini, wakarudia na wagonjwa zaidi ya 3,000, na matokeo yaliyochapishwa 2007 yakaonyesha haisaidii kitu. Na si ajabu, panya wa maabara mshipa anazibwa na mtafiti mwenyewe, saa inajulikana, dawa iko tayari. Mtu wa Ahero anaombewa kwanza, anakandwa na maji moto, ndio gari itafutwe. Iliyobahatika kiasi ni edaravone, Japani wameitumia tangu 2001, lakini hiyo ni ya kupitishwa kwa mshipa hospitalini mtu akishapata stroki, si ya kumeza ukipita Mbale.

Vitamini E nayo, tafiti zilizojumlishwa 2010 zilionyesha inapunguza kidogo stroki ya kuziba alafu inaongeza ile ya damu kuvuja!

Anti yangu alinunua hizo kapsuli, na kwa vile zilikuwa bei ghali akaacha tembe za presha za kliniki. Tulipompima presha tukanyamaza wote. Nikamwambia anti, hizi tembe unazodharau ndizo zinalinda ubongo.

Na mtu mdomo ukienda upande, mkono ulegee, ulimi uwe mzito, msingoje asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili hizo za stroki zianze, na lazima skani ya kichwa ipigwe kwanza, kwa hivyo kabla mtoke nyumbani pigeni simu muulize ni hospitali gani mashine yao inafanya kazi usiku huo.