Nilivyoikuza ile picha ndo nikaona nilichokifanya

Jamani hili jambo nimekaa nalo toka Januari, leo naliandika maana naona bado tunaposti watoto kama vile huko mtandaoni wamejaa ndugu watupu.

Mtoto wa kaka yangu kaanza fomu wani mwaka huu hapahapa Mtwara mjini. Asubuhi ya kwanza katoka na yunifomu mpya, sweta bado lina mikunjo ya dukani, mi shangazi mtu nikamsimamisha mbele ya geti nikampiga picha nikaitupia Instagram, na akaunti yangu ilikuwa wazi kwa yeyote, nikaandika na lile jina la utani tunalomwita nyumbani, nikaweka na lokesheni kabisa. Laiki zikamiminika, roho yangu kwatu.

Wiki ya pili yake, Ijumaa, mtoto kasimama pale wanaposubiri bajaji, kaja kijana na pikipiki akamwita kwa lilelile jina la nyumbani. Shangazi yako kanituma nikufuate, panda twende. Mtoto akasogea, yani mkono ulishashika siti, kwa sababu anajua jina lile nje ya familia hakuna mtu analijua. Aliyemuokoa ni mama mmoja anayeuza ming'oko, kakaa na sinia lake pembeni, akamwambia yule kijana "haya mpigie huyo shangazi yake na sisi tumsikie". Kijana akawasha pikipiki akapotea. Mungu ambariki yule mama, nimeenda kumshukuru na bado naona sijamshukuru vya kutosha.

Usiku nikaifungua ile picha nikaikuza kwa vidole. Kifuani nembo ya shule inasomeka. Kwenye begi jina lake kamili, wifi kaliandika kwa maka peni ili begi lisipotee. Na juu ya bega, ukutani, kile kibao cha anwani za makazi cha ile operesheni ya 2022, jina la mtaa na namba ya nyumba. Shule, jina, mlango anaolala, vyote nimevigawa mimi kwa mkono wangu.

Nikafuta. Nikaingia setingi, faragha, nikaifanya akaunti kuwa binafsi. Ila kuna kitu wengi hawakijui, ukiifunga akaunti wale waliokwisha kukufolo wanabaki humohumo ndani, inabidi uwatoe mmojammoja, na ukimtoa mtu haendewi na taarifa kwamba umemtoa kwahiyo usione aibu. Nimekesha siku mbili natoa watu. Na aliyeshapiga skrinshoti kabla hujafunga ndo kashaondoka nayo, hakuna setingi inayomfikia huko, na hapo ndo panaponiuma mpaka leo.

Halafu kamera. Kama umeiruhusu kutumia lokesheni basi kila picha inabeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya ramani. Instagram wakiipandisha wanaikwangua hiyo taarifa watazamaji hawaioni, WhatsApp nao ukituma kama picha ya kawaida inaondoka, lakini ukiituma kama dokumenti, vile tunavyofanya ili isipungue ubora, inasafiri nayo nzima. Mtandao wa picha wa Flickr ndo unaweza kuionyesha kwenye ramani kabisa kama uliruhusu. Nenda setingi za simu uizimie kamera lokesheni, dakika moja tu. Na zile namba 6 za kuthibitisha akaunti zinazokuja kwa meseji usimpe mtu, hata akijitambulisha ni shemeji yako.

Sasa wa kwetu kusini, Mtwara na Lindi yote, nawaomba kuhusu wali, yani wale mabinti wanaochezwa unyago. Likizo za Juni na Desemba watoto wakitoka unyagoni ni furaha, ngoma, kanga mpya, shangwe, na mimi naipenda siku ile kuliko harusi. Lakini makungwi wamewaficha wale mabinti siku zote hizo, simu hairuhusiwi hata kukaribia, halafu siku ya kutolewa tunawamwaga mtandaoni nyuso zao na tunaandika kabisa huyu sasa kakua. Kakua kwa nani? Ana miaka 11! Anayeisoma ile sentensi yuko wapi sijui, na anaisoma kwa nia gani. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Cherekeni, pigeni picha, zibaki kwenye simu ya mama yake.

Idd hii nimempiga picha tena mtoto wetu, dera la zambarau, kapendeza mno. Safari hii nikamuuliza, niiweke? Akaniangalia akasema "hapana shangazi, ila nataka bibi aione". Jumatatu nikaenda studio nikaisafisha, saizi kubwa, nikapanda hiace mpaka Mikindani. Bibi kaitundika sebuleni juu ya redio.